Mkono Uliochelewa Kuinuka

Jumapili iliyopita binti yangu, ambaye tangu apate baiskeli yake mwenyewe hakubali tena kupakiwa kwenye keria ya yangu, aliniuliza swali ambalo huenda nimelikwepa kwa miaka kadhaa bila kujijua. "Baba, mbona kila ukitaka kusimama unainua mkono? Unamsalimia nani?" Niligeuka nyuma. Barabara ilikuwa tupu mpaka upeo wa macho, na kiganja changu kilikuwa bado kimeinuliwa usawa wa bega. Nilimjibu kwamba ni mazoea tu. Akanitazama kama watoto wanavyomtazama mtu aliyewapa nusu ya ukweli, tukaendelea kunyonga.

Mazoea hayo niliyapata asubuhi moja ya Septemba 2017, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, juu ya daraja liitwalo Dronning Louises Bro.

Yaliyonifikisha huko hayana uzito: mkutano wa siku tatu, siku nyingine tatu nilizojiongezea mwenyewe, na mwenyeji wangu aliyeniazima baiskeli yake kuukuu badala ya kunieleza habari za treni. Siku ya kwanza nilizunguka peke yangu. Nilivuka Inderhavnsbroen, daraja la bandarini lililofunguliwa mwaka mmoja kabla kwa ajili ya waendao kwa miguu na wenye baiskeli tu, kisha nikapanda Cykelslangen, ile njia ya rangi ya chungwa inayojipinda hewani kama nyoka, ambako hata mtembea kwa miguu haruhusiwi. Jioni nilirudi nikijiona mzaliwa wa mji. Mimi nilijifunza baiskeli kabla sijajua kusoma vizuri, kwenye baiskeli ya mtu mzima, nikipenyeza mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti sikukifikia. Nani basi angekuwa na la kunifundisha?

Kiburi hicho kilisahau jambo moja dogo. Katika baiskeli nilizokulia, ukirudisha pedali nyuma zinazunguka bure, na sisi sote tulikuwa tukizirudisha hivyo bila sababu yoyote, hasa tunapopunguza mwendo, kama vile mtu anayewaza anavyogongagonga meza kwa vidole. Baiskeli ya mwenyeji wangu ilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, yaani ukirudisha pedali nyuma, umefunga breki. Alikuwa amenionya. Nilimwitikia kwa kichwa kama anayeambiwa kwamba maji yanalowesha.

Siku ya pili nilitoka mtaa wa Nørrebro kuelekea katikati ya jiji, asubuhi, wakati watu wanakwenda kazini. Barabara ya Nørrebrogade ina taa zilizopangwa ili anayeingia mjini asubuhi kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa akute kijani baada ya kijani, na kwa sababu hiyo watu wote hushika karibu mwendo mmoja, wenye haraka wakipita upande wa kushoto na wengine wakibaki kulia. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwenye viatu vya visigino virefu, kando yake mzee aliyevaa koti la sufu na tai, na kila baada ya muda ilipita baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele, ya aina iliyoanza kutengenezwa Christiania, mtaa mmoja wa mji huo, katika miaka ya 1980, na ndani ya sanduku wameketi watoto. Hakuna aliyevaa kimichezo. Kilichonishangaza zaidi ni ukimya: mamia ya watu pamoja, na nisikie minyororo na matairi tu.

Tulipofika darajani, ziwa la Peblinge likafunguka upande wangu wa kulia. Jua lilikuwa chini, maji yametulia, na ndege weupe wenye shingo ndefu walikuwa wakielea kana kwamba wamewekwa pale na mpiga picha. Nikaamua kusimama. Hapana, sikuamua, macho ndiyo yaliyoamua, na miguu ikafanya kile ilichozoea tangu utotoni: ikarudisha pedali nyuma.

Gurudumu likakwama papo hapo, tairi likalia juu ya lami. Kengele ya kwanza ililia sikioni mwangu, ya pili ikafuata, kisha nyingine na nyingine, zikirudi nyuma kwenye ule msururu mpaka sikuweza tena kuzihesabu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alikata usukani kuelekea kushoto, na sanduku lake likasimama umbali wa shubiri moja kutoka kwenye goti langu. Ndani yake mlikuwa na watoto wawili. Mmoja alikuwa ameshika tofaa alilokwisha kuling'ata, na akaacha kutafuna ili anitazame vizuri.

Mama hakupiga kelele. Alisema sentensi moja fupi kwa Kidenmaki, lugha ambayo hadi leo najua neno lake moja tu, undskyld, la kuomba radhi, nami nililijua jioni ile, saa nyingi baada ya kulihitaji. Kisha akainua mkono wake, kiganja kikiwa usawa wa bega. Akaushusha. Akauinua tena, safari hii polepole, kama mwalimu anayemwongoza mtoto kuandika herufi.

Nami, kwa tabasamu pana la mgeni mwema, nikampungia.

Sijui kwa nini jambo hilo linaniumiza kuliko lile la kukaribia kuvunja goti. Alinitazama kwa muda mfupi, akapumua, akaondoka. Mtoto mwenye tofaa peke yake ndiye aliyeona maana katika salamu yangu, naye alinipungia mpaka sanduku lao likapotea upande wa pili wa daraja.

Jioni mwenyeji wangu alicheka hadi akavua miwani. Akanieleza kwamba mkono ukinyooshwa pembeni unaonyesha unakokunja, ukiinuliwa unasema unasimama, na kwamba anayekunja kushoto hakatizi katikati ya makutano bali huvuka kwanza hadi kona ya mbele na kusubiri pale. Nilipomwambia kwamba watu wake ni wakali, hakukana. Alisema njia zile hazikuletwa na upole wa mtu yeyote. Magari yalikuwa yameujaza mji, ukaja uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 na Jumapili za kupigwa marufuku kuendesha gari, kisha miaka ya maandamano ya wenye baiskeli wakidai nafasi yao, na baadhi ya waliopiga kengele asubuhi ile yamkini walipandishwa baiskeli na wazazi walioandamana.

Kesho yake nilirudi darajani makusudi. Niliinua mkono mapema mno, pengine mita thelathini kabla, nikasimama kwenye ukingo. Msururu ukajigawa kunipita na hakuna hata mmoja aliyenitupia jicho. Nilikuwa nimefaulu, na nakiri kwamba nilihuzunika kidogo. Tangu hapo mkono huinuka wenyewe, hata mahali ambapo aliye nyuma yangu, kama yupo, ana usukani wa lori na hana habari na kiganja changu. Mara nyingine nadhani ni adabu. Mara nyingine nadhani ninaendelea kumjibu yule mama, nikiwa nimechelewa kwa miaka.

Sikumweleza binti yangu hayo yote Jumapili ile. Nilimwambia tu kwamba mkono ule unamwarifu aliye nyuma. Akawaza, akanipita, na tulipokaribia njia panda akainua kiganja chake juu sana, kuliko inavyotakiwa, baiskeli ikiyumba. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mzee ameketi kivulini, akampungia kwa furaha.

Binti yangu akanigeukia. "Baba, yule tunamfahamu?"