Mzee Maloof na pembe nne za kikalio

Ukitaka kumjua Sam Maloof, fundi samani wa Marekani, achana kwanza na picha zake. Tafuta kiti chake cha kubembea, chuchumaa, angalia pale mguu unapokutana na kikalio.

Alizaliwa Chino, California, mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanoni. Useremala alijifundisha mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi kama msaidizi wa msanii Millard Sheets, na mwaka 1948 akamwoa Alfreda. Nyumba ilikuwa tupu na hela za samani hakuna, basi akaokota pluwudi zilizotupwa, akaunda vya kwao wenyewe. Waliokuja kuwatembelea wakaviona, wakavitaka. Mwaka 1949 akaacha ajira. Alfreda akashika daftari: oda, barua, malipo, vyote kwake. Fundi yeyote anajua maana yake. Karakana nyingi hazifi kwa kukosa ufundi, zinafia kwenye daftari.

Mapema miaka ya 1950 alipata oda ya vipande 25 vya samani kutoka kwa Henry Dreyfuss, mbunifu mwenye jina kubwa, na tangu hapo kazi haikukatika. Mwaka 1985 alikuwa fundi wa mikono wa kwanza kupewa tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya Marekani kwa watu wenye ubunifu. Watu wakamwita msanii. Yeye kadi yake ilisema fundi mbao, basi.

Sasa turudi kwenye kiungo.

Kiti cha kawaida unatoboa tundu kwenye mguu, unachonga ulimi kwenye fremu, unatia gundi, umemaliza. Kiti cha kubembea hakivumilii hivyo. Kila mtu anapojiegemeza, mguu wa nyuma unavutwa kama wenzo na ulimi mwembamba unabeba mzigo wote peke yake. Miaka michache tu kiti kinaanza kulia kwii, kwii. Ukisikia hivyo, gundi imeshaachia.

Maloof hakutoboa tundu. Alikata pembe ya kikalio, kipande cha mraba kikatoka. Kikalio kina unene wa karibu inchi 2. Kwenye kingo za ule mkato, juu na chini, akapunguza mbao kwa ruta, mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka, mpaka katikati ukabaki ulimi. Kwenye mguu akachimba mfereji wenye upana uleule. Mguu unaingia kwa ubavuni, ulimi unazama kwenye mfereji, na mbao ya mguu iliyobaki juu na chini ya mfereji inakuwa mabega mawili yanayokibana kikalio. Mguu ukitaka kwenda mbele au nyuma, mabega yanakataa.

Ujanja uko kwenye kona. Ruta iliyopunguza kikalio inaacha mviringo, kwa hiyo kona ya ndani ya mguu nayo lazima iviringwe kwa kisu cha duara lilelile. Mviringo wa kikalio ukiwa na nusu kipenyo cha nusu inchi, wa mguu uwe hivyohivyo. Ukikosea hata kwa unene wa karatasi, mwanya unaonekana, na usijidanganye utauziba kwa vumbi la mbao na gundi, maana ndipo jicho linapotua kwanza. Jaribia kwenye vipande vya mabaki mpaka mguu uingie kwa kugongwa na kiganja. Ukihitaji nyundo, umebana mno.

Juu ya gundi aliongeza skrubu. Kwa nini? Nyuzi za kikalio zinatoka mbele kwenda nyuma. Ukuta mmoja wa mkato ni ubavu wa nyuzi, gundi inaushika vizuri. Ukuta wa pili ni ncha za nyuzi, zinainywa gundi na kubaki kavu. Kwa hiyo akazamisha skrubu na kuzifunika kwa vizibo vya mti mweusi. Kwa huku kwetu mpingo unafaa kabisa. Wapo mafundi wanaoona skrubu ni aibu. Mimi naona aibu ni kiti kuvunjika na mtu juu yake.

Mguu unaachwa mnene kwenye kiungo makusudi. Gundi ikikauka ndipo tupa ya mbao inaanza kazi, kisha kikwangulio, kisha msasa, mpaka mguu na kikalio viwe kama tawi na shina. Umbo lile laini analolisifu kila mtu linachongwa baada ya kuunganisha. Anayechonga kwanza kisha akaunganisha atapata ngazi kwenye kiungo.

Kuna jambo moja lake lisiloigwa. Alikata sehemu za kiti kwenye msumeno wa utepe akiwa ameshika ubao hewani, bila kuulaza mezani, akifuata mstari kwa jicho. Mwenyewe aliwaonya watu wasijaribu. Ubao usiokaa mezani ukidakwa na meno unavutwa chini kwa ghafla, na vidole vinaufuata.

Yale matao mawili yanayogusa sakafu yanaundwa kwa vipande vyembamba vilivyopindwa kwenye kalibu na kugundishwa kwa pamoja. Ukilikata tao kwenye ubao mmoja, nyuzi zinakuwa fupi kwenye ncha zilizopinda, na siku moja ncha inakatika kama biskuti.

Rangi hakupaka. Mbao aliyoipenda zaidi ni mjozi, kahawia iliyoiva, na alitaka uonekane. Mchanganyiko wake wa kwanza ni sehemu sawa za vanishi ya poliyurethani, mafuta ya tung (yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa tung) na mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Unapaka kwa wingi, unaacha yazame, unafuta yote yaliyobaki juu, unasubiri kikauke, unarudia mara tatu au nne. Yakibaki juu yananata, yanakusanya vumbi. Mwisho ni mafuta ya tung na ya kitani nusu kwa nusu, na nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani yake. Sufuria ya mafuta ikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, isiguse moto wenyewe. Na matambara ya kufutia usiyakunje ukayatupa kwenye kona. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na rundo la matambara linawaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke.

Nyumba yao ilikuwa Alta Loma, California, kwenye shamba la malimau, na aliiongeza chumba baada ya chumba kwa mikono yake. Hata komeo za milango alichonga kwa mbao. Barabara kuu namba 210 ilipopangwa kupita pale, nyumba ilihamishwa kwenda kiwanja kingine, na leo inatembelewa kama makumbusho. Alfreda alifariki mwaka 1998, baada ya nusu karne ya kushika daftari lile. Mzee mwenyewe aliendelea na kazi hadi uzeeni, akafariki Mei 2009 akiwa na miaka 93.

Ukibahatika kukipindua kiti chake cha miaka ya mwisho, soma maandishi yaliyo chini ya kikalio. Kuna jina lake, na pembeni yake herufi za kwanza za majina ya wasaidizi waliokitengeneza pamoja naye.