Mikoko ya karatasi: jinsi ninavyojenga picha za mizizi kwa karatasi na rangi

Mkoko ni mti mgumu kuuchora kwa rangi peke yake. Mizizi yake hutoka ubavuni mwa shina, ikajipinda hewani na kushuka matopeni, kisha mzizi mmoja ukatoa mwingine, na huo nao ukatoa wake, hata jicho likashindwa kujua upi uko mbele na upi uko nyuma. Mwenye kutumia brashi hulazimika kutenganisha mzizi na mzizi kwa kivuli, na vivuli vinapozidi picha nzima hugeuka doa la hudhurungi. Nilipoanza kuitengeneza mizizi hiyo kwa karatasi, na rangi ikaja baadaye, tatizo hilo liliondoka, kwa sababu karatasi iliyosokotwa na kubandikwa juu ya nyingine hutoa kivuli chake yenyewe. Naeleza hapa namna ninavyoifanya kazi hiyo nikiwa Unguja, mahali ambapo karatasi haina adui mkubwa kuliko unyevu wa hewa.

Michoro yangu ya awali naifanyia zaidi kwenye njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko upande wa Pete, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambayo ilipewa hadhi hiyo mwaka 2004. Hapo mtu anaweza kukaa akachora bila kuzama katika matope wala kukanyaga miche. Napenda kwenda siku za bamvua, maana siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa kubwa, na katika muda wa saa 6 hivi mtu huiona mizizi ikiwa imefunikwa, kisha huiona tena ikiwa wazi hadi kwenye tope. Kamera ya simu hunisaidia kukumbuka rangi, lakini hainisaidii kuchagua, kwani picha ya simu huleta kila kitu kwa pamoja, ilhali mkono ulioshika penseli hulazimika kuamua mzizi upi uachwe.

Siku moja mzee aliyekuwa akirudi kutega kaa alisimama akalitazama daftari langu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mbona maji hujaonyesha yanafika wapi? Itazame mizizi, itakwambia." Alikuwa akizungumzia alama ambayo maji makuu huiacha kwenye miti. Chini ya alama hiyo mizizi imevaa tope, mwani na chaza. Juu yake gome ni kavu, lenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na wekundu. Alama hiyo iko sawasawa kutoka mzizi hadi mzizi, hata kwenye miti ya mbali, kwa kuwa maji hujisawazisha yenyewe. Sasa ndiyo ninayoianza nayo: napiga mstari kwa rula kutoka ukingo hadi ukingo wa ubao, na kila mzizi unaoukata mstari huo hubadilika rangi papo hapo. Mtazamaji huelewa kwamba maji yamepwa na kwamba yatarudi, ingawa sikupaka hata tone la buluu.

Sisi wa mjini huiita miti yote hiyo mikoko, lakini wakaao karibu nayo huitofautisha, na tofauti zao ndizo zinazoniamulia namna ya kuishughulikia karatasi. Mkoko wenyewe una mizizi ya upinde, nayo huitengeneza kwa kamba za karatasi zilizosokotwa. Mchu hutoa vijizizi vyembamba vinavyochomoza kutoka kwenye tope kwa maelfu. Hivyo huvifanya kwa vipande vidogo vilivyoviringishwa juu ya njiti ya kiberiti na kukatwa kwa urefu usiolingana, kwani vikilingana huonekana kama vimepandwa na mtu. Mlilana, ambao hukaa mbele kabisa baharini, una vijizizi vinene vinavyochongoka kuelekea juu, na kila kimoja ni tabaka kadhaa za karatasi zinazopungua upana. Mkomafi una mizizi bapa inayotambaa ikijikunjakunja juu ya ardhi, ambayo huifanya kwa utepe wa kadi ya manila uliosimamishwa kwa ukingo wake. Mkomafi ndio unaonipa furaha zaidi, na ndio usionunuliwa. Wateja wanataka mkoko.

Karatasi ya mizizi naipata kwenye mifuko ya saruji, ile ya karatasi na si ya plastiki iliyofumwa. Mfuko una tabaka zaidi ya moja, nami nachukua la ndani lisiloandikwa baada ya kulikung'uta nje ya nyumba nikiwa nimevaa barakoa na glavu, kwa kuwa vumbi la saruji hudhuru mapafu na huchoma ngozi likikutana na maji. Kisha nailoweka karatasi hiyo, naikamua kwa upole, naikunjua, naifinyanga tena na kuikunjua tena, mpaka inapoteza ukakamavu wake wote na kuwa laini kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Ikikauka hubaki na mikunjo midogo isiyo na mpangilio, na hiyo mikunjo ndiyo gome. Nikiipaka rangi nyeusi iliyotiwa maji mengi na kuifuta mara moja kwa kitambaa, rangi hubaki ndani ya mifereji na kutoka kwenye matuta, na hakuna brashi iwezayo kuchora gome la namna hiyo kwa subira ya mwanadamu wa kawaida.

Kabla ya kukata vipande vya kusokota, hutafuta kwanza uelekeo wa nyuzi za karatasi. Jambo hili ni rahisi: chana pembe moja kwa kwenda chini na nyingine kwa kwenda ubavuni. Upande ambao mchano unakwenda karibu na mstari ulionyooka ndio ulikolala nyuzi, na upande mwingine mchano utayumba. Utepe uliokatwa kwa kufuata nyuzi husokotwa bila kukatika, hata ukiwa umelowa gundi. Kwa mzizi mkubwa hutumia utepe wa sentimita 6 na kwa mdogo sentimita 2, nausokota ukiwa na gundi, halafu naupinda kati ya misumari niliyoipigilia kwenye ubao uliofunikwa plastiki. Ukikauka hapo unabaki na upinde wake milele. Chaza nao wanaong'ang'ania chini ya mstari wa maji ni vijipande vya karatasi nyeupe ya kuchorea, vilivyochanwa kwa kucha na kubandikwa upande mmoja tu ili upande wa pili ubenuke.

Magazeti nayatumia ndani ya vitu vinene peke yake, mahali ambapo mwanga haufiki. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na lignini hiyo ikipigwa na mwanga hugeuka manjano, kisha karatasi huwa kavu na kuvunjika. Wapo wasanii wanaoupenda umanjano huo. Mimi nauza picha, na mnunuzi ana haki ya kubaki na ile aliyoinunua.

Kuhusu gundi, natumia aina mbili. Viungo vya mizizi navishika kwa gundi nyeupe ya maseremala, ambayo hukauka haraka na kushika imara. Karatasi bapa nazibandika kwa gundi ya unga wa muhogo, kipimo 1 cha unga kwa vipimo 6 au 7 vya maji, iliyopikwa kwa moto mdogo huku ikikorogwa mpaka iache kuwa nyeupe na kuanza kung'aa. Uzuri wa gundi ya muhogo ni kwamba inampa mtu nafasi ya kuisogeza karatasi kabla haijashika. Ubaya wake ni kwamba mende wanaipenda na ukungu unaipenda zaidi. Hapa ndipo Zanzibar inapomfaa msanii: matone machache ya mafuta ya karafuu yakitiwa gundi inapoanza kupoa huichelewesha kuoza, na mafundi wa kujalidi vitabu wa nchi za mbali walikuwa wakiifanyia gundi yao hivyo tangu zamani. Harufu hubaki chumbani siku kadhaa, nami sijasikia mtu akiilalamikia.

Ubao ninaoutumia ni plaiwudi nyembamba, na naubandika karatasi pande zote mbili hata kama upande wa nyuma hautaonekana na mtu. Karatasi iliyolowa gundi hutanuka, na ikikauka husinyaa ikiuvuta ubao. Ikiwa iko upande mmoja tu, ubao utapinda. Ikiwa iko pande zote mbili, mvuto wa huku hupambana na wa kule na ubao hubaki umenyooka. Juu ya karatasi ya mbele hupaka rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, mikono miwili.

Rangi zangu zote ni za maji au akriliki. Wageni wengi wanaofika Unguja hutarajia rangi ing'aayo ya picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na rangi ile ya mafuta inafaa kabisa kwenye vibao vya hadibodi alivyovitumia yeye. Kwenye karatasi tupu haifai: mafuta hupenya, huacha madoa, na miaka ikipita huifanya karatasi iwe dhaifu. Kwa kijani sitegemei kile cha kwenye chupa, kwa sababu ni kijani cha bendera na mikoko haina rangi hiyo. Manjano ikitiwa nyeusi kidogo sana hutoa kijani kizito chenye uzeituni, ambacho ndicho hasa cha jani la mkoko. Kwa mchu huongeza nyeupe, kwa sababu sehemu ya chini ya jani lake ina weupe wa kijivu, na upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi.

Majani nayakata kutoka kwenye karatasi niliyoipaka rangi kabla ya kuikata, wala siyapaki baada ya kuyabandika. Njia hii niliiona katika kazi za Mary Delany, bibi wa Kiingereza aliyeanza mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 72, kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi za rangi, na akafikisha picha karibu 1000, ambazo zimehifadhiwa British Museum mjini London. Bibi huyo aliyabandika maua yake juu ya karatasi nyeusi, na nilipoziona picha hizo kwenye kompyuta nilielewa kwa nini mizizi yangu ilihitaji giza nyuma yake. Sasa usuli wa kila picha ni kijani kinachokaribia weusi, na uwazi ulio kati ya mzizi na mzizi huonekana una kina ambacho haujapewa na kitu kingine chochote.

Mahali pengine hutupa mkasi na kuchana kwa mkono. Karatasi iliyopakwa rangi upande mmoja ikichanwa huku mkono mmoja ukivuta kuja na mwingine ukivuta kwenda, kipande kimoja hubaki na rangi hadi mwisho na kingine hubaki na ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi. Ukingo huo mweupe ni povu la maji yanayopanda, na jaribio moja au mawili yatamwonyesha mtu kipande kipi kinatoka na povu kwa namna anavyochana.

Wapo wanaobandika majani halisi kwenye picha zao. Jani halisi hukauka, hugeuka kahawia, hukunjamana na kualika wadudu, na baada ya muda picha huwa kumbukumbu ya uchafu. Ninapotaka alama ya jani halisi hulichukua jani la mkungu lililoanguka, nalipaka rangi upande wa chini ambako mishipa imetokeza, na kuligandamiza kwenye karatasi. Majani ya mikoko yenyewe ni mazito na laini, mishipa haitokezi, kwa hiyo hayafai kwa kazi hiyo.

Tope limenitaabisha kuliko majani. Tope la mikoko si la kahawia. Ni kijivu chenye buluu, na jua likilipiga huwa na mng'ao wa fedha. Nilijaribu chai nzito iliyopakwa kwenye karatasi kisha ikapitiwa na siki iliyolowekwa misumari yenye kutu, na papo hapo chai iligeuka kijivu kizuri kinachokaribia weusi, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka katika siki hukutana na tanini ya chai, ile inayoipa chai ukakasi. Rangi hiyo ndiyo tope lenyewe. Hata hivyo wino wa kale uliotengenezwa kwa chuma na tanini unajulikana kwa kuila karatasi, kwa hiyo naitumia kwenye michoro ya daftari tu, na katika picha za kuuza nachanganya nyeupe, nyeusi, buluu na zambarau kidogo mpaka nikaribie.

Kukausha kunategemea msimu. Wakati wa kaskazi picha hukauka usiku mmoja. Wakati wa masika haikauki, inajifanya tu imekauka, na ukungu hutokea baada ya kuwekwa fremu. Kwa hiyo miezi ya masika naitumia kusokota mizizi na kupaka karatasi, na kubandika kunangoja mvua ziishe. Fremu lazima iwe na kina, kioo kisiguse karatasi, maana kinapogusa, jasho la kioo huhamia kwenye picha. Nyuma ya fremu nabandika vipande 4 vya mbao, kimoja kila pembe, ili hewa ipite kati yake na ukuta, kwani kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuurudisha. Na kila picha inayoondoka ina karatasi ndogo ya maelezo nyuma yake: isitundikwe kwenye jua la mchana wala karibu na bafu, na ikitolewa kwenye kioo vumbi lipanguswe kwa brashi kavu na kamwe si kwa kitambaa kibichi, kwa sababu gundi ya muhogo ikiloa hulainika upya, na majani huanza kudondoka.