Siku moja kati ya ndoo na makopo: kufuga chakula hai cha samaki na mijusi nyumbani, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri

Tochi, kipimajoto, kisha ndoo. Hii ndiyo saa ambayo maji yamepoa kuliko saa nyingine yoyote, nyuzi 26 au 27 hivi, na ndiyo saa ya kujua hali halisi ya moina. Hawa ni viroboto wa maji, ukubwa wa kichwa cha pini, wadogo kuliko ndugu zao dafnia. Nikimulika ndoo nikawakuta wametawanyika toka chini hadi juu, wanarukaruka, mambo ni mazuri. Nikiwakuta wamejazana juu kama utando, na rangi imegeuka ya waridi kuelekea wekundu, najua hewa ilipungua majini usiku. Wekundu ule ni himoglobini, wanaitengeneza ili wanase oksijeni kidogo iliyobaki. Chanzo huwa kimojawapo kati ya viwili: chakula kinaoza chini ya ndoo, au wamezidi idadi.

Wanaoanza wengi hutafuta dafnia mkubwa, Daphnia magna, kwa sababu anaonekana vizuri kwa macho. Huyo anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 22. Kwetu, Desemba mpaka Machi, ndoo iliyo kivulini inafika 30 bila kuguswa na jua. Atakwisha tu. Moina yeye anazaa vizuri kati ya nyuzi 24 na 31. Kwa joto hili kichanga anakomaa kwa siku 4 au 5, na baada ya hapo anatoa watoto karibu kila siku ya pili. Ndoo iliyokuwa na moina wa kuhesabika Jumatatu, Jumatatu inayofuata imejaa, na usipovuna, ikifika Alhamisi imekufa yote. Katika jiji hili kinachokua upesi huharibika upesi, kwa hiyo kazi yangu kubwa ya kila siku ni kutoa. Kulisha kunakuja baadaye.

Navuna robo ya ndoo kila asubuhi, awe mteja yupo au hayupo. Namimina maji kupitia chujio la chai, wakubwa wanabaki, wadogo wanapita na kurudi ndooni. Kisha napachua matope ya chini kwa mpira mwembamba na kujazia maji mapya. Maji ya bomba nayaacha saa 48 kwenye ndoo ya mdomo mpana ili klorini itoke. Ya kisima ni ya kupima kwanza, maana visima vingi vya Dar vina chumvi. Weka moina 10 kwenye glasi ya maji hayo, waache mpaka kesho yake. Wakiwa hai wote, tumia.

Saa 12 asubuhi

Chupa ya artemia, vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi, niliyoitega jana saa 6 mchana imetimiza saa 18. Vitabu husema saa 24, lakini hayo ni ya nchi za baridi. Hapa ukisubiri saa 24 unakuta walioanguliwa mwanzo wameshaanza kudhoofu. Kichanga wa artemia akitoka kwenye ganda amebeba kiini cha yai mwilini, ndiyo ile rangi ya chungwa, na hicho kiini ndicho unachomlisha samaki. Kadiri saa zinavyopita anakitumia mwenyewe. Baada ya saa 8 hivi amejivua ngozi, amekua, ana kasi zaidi na lishe imepungua.

Chupa yangu ni ya maji ya lita 1.5, imekatwa kitako na kupinduliwa, mpira wa hewa umepita kwenye kizibo. Nazima hewa, nafunika sehemu ya juu kwa kitambaa cheusi, namulika chini kwa tochi ya simu. Dakika 10. Maganda matupu ya kahawia yanapanda juu, mayai yasiyoanguliwa yanazama kabisa, na vichanga wanashuka kuufuata mwanga mpaka shingo ya chupa inakuwa ya chungwa. Usizidishe dakika 15, wakibanana pale wanakosa hewa. Nafungua mpira, natupa vijiko viwili vya kwanza vyenye mayai yaliyozama, nakinga vichanga kwenye leso safi ya pamba, nafunga kabla maganda hayajafika. Maganda hayasagiki tumboni, kifaranga wa samaki akiyameza yanaweza kumziba utumbo. Suuza vichanga kwa maji yasiyo na chumvi, ndipo ulishe.

Wanaobaki wanaingia friji kwenye sahani pana, maji ya chumvi kina cha sentimita 1 au 2. Baridi inawatuliza, wanafika kesho bila kupoteza lishe nyingi.

Vifaranga wa samaki aina ya gapi wanakula artemia siku ileile waliyozaliwa. Wa beta wanataka kitu kidogo zaidi siku za mwanzo, na hao nawapa minyoo wa siki. Minyoo hao ndio wasiosumbua kuliko wote: siki ya tufaha nusu, maji nusu, kipande cha tufaha, chupa ya shingo ndefu, kaa nayo miezi. Kuvuna, sukuma pamba kwenye shingo mpaka iguse siki, mimina maji safi juu yake. Kesho yake minyoo wamepanda kwenye maji safi kufuata hewa.

Saa 2 asubuhi

Makopo ya maikrowamu, minyoo wembamba kama nyuzi, nayapima kwa pua. Kopo lenye afya linanuka kama togwa. Likinuka uvundo, au uji umekuwa majimaji ya kijivu, limekwisha. Natengeneza uji mgumu wa dona, unapoa kabisa, naupaka koponi kina cha sentimita 2, nanyunyiza hamira punje chache na kijiko cha chai cha minyoo wa zamani. Siku ya 4 wanapanda ukutani, nawafuta kwa kidole. Sehemu zenye baridi kopo linafika mwezi, langu nalihamisha kila baada ya siku 12.

Minyoo wa Grindal wanakaa kwenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yakachemshwa na kukamuliwa mpaka yanashikana bila kudondosha maji. Chakula ni punje chache za chakula cha samaki chini ya kipande cha plastiki. Kesho yake unafunua plastiki, wameganda chini yake, unawasuuza. Ndugu zao wakubwa weupe wanataka baridi ya chini ya nyuzi 20, kwa hiyo tuwaache.

Saa 3 asubuhi

Nyenje. Boksi la plastiki la lita 60, mfuniko umekatwa dirisha na kuwekwa wavu wa chuma, maana wa plastiki wanautafuna. Trei za mayai zinasimama wima, zisilazwe, ili kinyesi kidondoke chini. Hapo watu wengi wanakosea. Nyenje hawafi kwa joto la Dar, wanakufa kwa unyevu. Kinyesi kikilowa kinatoa amonia, na boksi lisilopitisha hewa linakwisha kwa usiku mmoja, hasa masika. Kwa hiyo bakuli la maji halipo kabisa, nyenje wadogo wanazama hata kwenye tone. Nawawekea pamba yenye maji kwenye kizibo, naibadilisha kila siku, pamoja na kipande cha karoti kinachotolewa kabla hakijachacha.

Chakula kikavu ni cha vifaranga vya kuku pamoja na pumba. Majani ni ya mlonge toka kwenye uzio. Mchicha wa sokoni siugusi, haujulikani ulipuliziwa nini wala lini, na dawa isiyomdhuru mtu inatosha kumaliza boksi zima.

Leo ni siku ya kutoa kopo la mayai. Ni kopo la majarini lenye mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 4, juu lina wavu. Jike anapenyeza mrija wake wa kutagia, mwembamba kama sindano, kwenye matundu ya wavu. Bila wavu wenzake wanafukua mayai na kuyala. Kopo linakaa na majike siku 2 au 3, kisha nalihamishia boksi tupu, nanyunyiza maji kidogo kila siku. Kwa nyuzi 30 yanaanguliwa baada ya siku 8 hadi 10, wakiwa wadogo kama sisimizi.

Mwenye mjusi au chura wa kufuga ajue kwamba nyenje peke yake hatoshi. Ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mjusi anayelishwa hivyo mifupa yake inalainika, taya linalegea, miguu inapinda. Nyenje walishwe mlonge siku nzima kabla ya kuliwa, halafu wapakwe unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini kama poda. Funza wa nzi mweusi, wale wanaofugwa kwa ajili ya kuku, kalsiamu wanayo mwilini tayari.

Saa 4 na nusu

Mizigo inaondoka kabla jua halijakomaa. Mfuko wa moina ni theluthi maji, theluthi mbili hewa. Bodaboda anaushika kwenye mfuko wa kitambaa, hauingii kwenye boksi la nyuma.

Simu ina ujumbe: "Shikamoo mama, moina wote wamelala chini. Niliwapa hamira kijiko kizima wapate nguvu."

Marahaba mwanangu. Kijiko kizima ni cha wiki mbili. Ndoo ya lita 20 inataka chini ya robo ya kijiko cha chai, ikakorogwa kwanza kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Ukizamisha kiganja sentimita 30 unakiona kwa ukungu. Maji yawe angavu baada ya saa 24, ndipo ulishe tena. Yakibaki na ukungu, usilishe. Hamira isiyoliwa inaoza, inamaliza oksijeni, na asubuhi unakuta walivyolala hivyo. Maji ya kijani ni salama zaidi: maji machafu ya tangi la samaki kwenye dumu jeupe, juani, wiki moja.

Mwingine anauliza artemia kwa ajili ya Tropheus, yule samaki wa Ziwa Tanganyika. Huyo ni mkwanguaji wa mwani, utumbo wake ni mrefu. Chakula kizito cha nyama kinamvimbisha tumbo. Namwambia aache.

Saa 6 mchana

Natega artemia ya kesho. Lita 1 ya maji, chumvi ya mawe gramu 25, magadi soda (baking soda) ncha ya kijiko, mayai nusu kijiko cha chai, hewa ya nguvu kiasi kwamba hakuna yai linalotulia chini, taa iwake. Kopo la mayai halikai wazi hata dakika moja. Unyevu wa hapa unaingia na mayai yanapoteza uhai kimyakimya. Yagawe kwenye vichupa vidogo, friji, fungua kimoja kimoja.

Ndoo zinafunikwa gunia bichi mpaka saa 10.

Saa 9 alasiri

Vinzi wa matunda wasioruka. Uji wa sembe, ndizi iliyopondwa, siki vijiko viwili kuzuia ukungu, hamira juu, karatasi iliyokunjwa ya kupandia. Chupa hizi zinakaa sakafuni, chumba cha ubaridi kuliko vyote. Zikizidi nyuzi 29 madume wanakuwa tasa, na wale wenye mabawa mafupi watoto wao wanaota mabawa marefu. Chupa ya siku 30 inatupwa hata kama bado ina vinzi, kwa sababu ya utitiri.

Kolembola, wale wadudu weupe wa terariamu (boksi la kioo la kufugia), wanaishi kwenye mkaa wa kawaida ulioloweshwa, usioguswa na mafuta ya taa. Punje tatu za wali. Ukitaka kuvuna unajaza maji, wanaelea, unamimina.

Saa 12 jioni

Hii ndiyo saa ninayoichukulia kwa uzito kuliko zote, kwa sababu ya mbu. Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora na samaki wanavigombania, lakini sivifugi wala siviuzi. Jiji hili limepata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019, na malaria haijaondoka. Mbu wa dengi anataga kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji, na mayai yake yanastahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kila ndoo ina kitambaa cha shela kilichobanwa kwa mpira, na ndoo tupu inasuguliwa kuta kwa brashi kabla ya kutumika tena. Shela ya mafundi cherehani, tafadhali. Chandarua chenye dawa kinaua moina, nyenje na samaki. Dawa ya kupuliza na ile ya kuchoma pia zisiingie chumba hiki.

Halafu sisimizi. Miguu ya meza imesimama kwenye makopo yenye mafuta ya kula, maana maji matupu yanazalisha mbu na yakishika vumbi sisimizi wanavuka juu yake. Nazunguka na tochi kutafuta daraja: meza inayogusa ukuta, waya, mpira wa pampu ulioegemea dirisha. Mara nyingi ni mpira wa pampu.

Saa 3 usiku

Nahamisha moina hamsini hivi kwenye dumu la akiba lililo chumba kingine, nikimwaga wa wiki iliyopita. Pampu iko juu kuliko maji, umeme ukikatika maji yasirudi kwenye mpira. Pampu ya betri naiweka kando ya chupa ya artemia. Moina watavumilia giza mpaka asubuhi, ila mayai yakituama chini bila hewa, kesho saa 12 hakuna cha kuvuna.