Shingo ya dogo

Nimetoka uwanja wa mpira wa Nyamagana sasa hivi, sauti imekauka.

Tangu juzi tunabishana pale mwaloni Kirumba: katikati ya uwanja aanze nani, mkongwe au dogo? Mzee mmoja muuza dagaa kashikilia mkongwe abaki namba sita, kiungo mkabaji. "Kiungo ni uzoefu, siyo mbio." Mimi nasema dogo apewe nafasi. (Tangu Pamba, timu ya hapa, warudi Ligi Kuu 2024, Mwanza kila mtu kocha.)

Leo dakika ya 60 dogo kaingia.

Pasi zake sikuziangalia sana. Niliangalia shingo. Mpira haujamfikia, keshageuka kushoto, kulia, kama anavuka Barabara ya Kenyatta. Mguso mmoja, kaachia.

Mzee kimya. Karanga zimebaki kiganjani.

Baadaye: "Lakini hakabi."

Wadau, mkongwe akae benchi au wacheze wote?