Jiwe la Kusawazisha Shogi

Nimelelewa Lamu, katika vichochoro ambamo mawe, mchanga na saruji hufika mlangoni juu ya mgongo wa punda, na kabla ya kwenda Uingereza nilidhani kuwa farasi ni mnyama wa mashindano na wa wafalme tu. Dhana hiyo ilinitoka asubuhi moja ya Oktoba 2014, katika bonde la Borrowdale, Cumbria, nilipomsaidia bibi mmoja, mfugaji wa farasi wadogo wa milimani waitwao Fell, kupandisha vifaa vya kukarabati ukuta wa malishoni.

Farasi jike niliyekabidhiwa alikuwa mweusi tititi, kimo chake hakikufika sentimita 140, na manyoya ya miguuni yalifunika kwato mfano wa buibui linaloburura chini. Mgongoni alibeba makapu mawili ambayo kwetu tungeyaita shogi. Tukipanda, bibi alinisimulia (kwa lafudhi niliyoielewa nusu) kwamba kabla ya barabara za magari ya kukokotwa, mifereji na reli kuwanyang'anya kazi, farasi hawa walibeba sufu kutoka Kendal na madini ya risasi kutoka migodini, kwa misafara iliyofika hata farasi 20, wa mbele akivishwa kengele ili wanaokuja wapishe.

Tulifika kwenye daraja la mawe lenye kingo zisizozidi goti. Zilijengwa fupi makusudi, alisema, ili shogi zisikwame. Hapo hapo farasi akagoma. Bibi akavuta hatamu, akabembeleza, akatoa tofaa mfukoni. Tofaa likaliwa, safari isiendelee. Nikamkumbuka marehemu baba, ambaye hakumwondoa punda gatini kamwe kabla ya kuinua shogi kwa kiganja, upande huu kisha ule, kupima uzito. Nikafanya vivyo hivyo. Kushoto kulikuwa na nyundo na mitaimbo, kulia kamba na chakula chetu tu, na aliyepakia ni mimi mwenyewe, kwa pupa ya kukimbia baridi.

Nikashuka kijitoni, nikaokota jiwe la ukubwa wa nazi, nikalitia upande wa kulia. Farasi akatikisa masikio, akavuka taratibu. Bibi akaniuliza kwetu tunafuga farasi wa aina gani.

"Punda," nikamjibu.