Maji yasiyopwa

Mwaka 2013 Ramadhani iliingia Julai, kusi likivuma kwelikweli, na mjomba wangu wa Pangani hakuwa na haraka ya kushuka baharini. Kumi la mwisho nilikwenda kufuturu kwake nikiwa na kompyuta mpakato, na ndani yake nilikuwa nimehifadhi kitu nilichokifuatilia tangu Machi: katuni ya Randall Munroe, yule Mmarekani wa xkcd, tovuti ya katuni, anayechora watu wa vijiti. Hii aliipa jina "Time".

Kwa asiyeijua: tarehe 25 Machi ilitoka picha moja tu. Watu wawili wameketi ufukweni, hawasemi kitu. Ukipeleka kishale juu yao unapata agizo fupi: subiri. Baada ya nusu saa picha ikabadilika, kidogo mno. Siku za mwanzo ilibadilika kila nusu saa, baadaye kila saa, usiku na mchana, mpaka ilipokoma mwishoni mwa Julai ikiwa na picha zaidi ya 3,000. Wale wawili wanajenga ngome ya mchanga, wanaona bahari inapanda, wanafunga safari kutafuta sababu. Basi.

Sasa, Munroe hakuweka mlango wa kurudi nyuma. Picha ya saa nane za usiku ikishapita, imepita. Hapo ndipo wasomaji walipogawana kazi bila kufahamiana: huyu kwake usiku, yule kwake mchana. Wengine wakaandika programu za kuzidaka picha zote na kuzipanga, mtu aweze kuzitazama kama filamu. Mimi na bando langu la kuungaunga, bila wao nisingeona hata robo.

Mjomba si mgeni wa katuni. Enzi zake alikuwa msomaji wa Sani, lile gazeti la katuni, na swali lake la kwanza lilikuwa Ndumilakuwili, mhusika wa humo, yuko wapi humu. Nikamwambia hayumo. Akaguna, akasogeza kikombe cha kahawa, tukaanza. Watoto walijazana nyuma yetu kwa dakika chache, kisha wakaona hakuna anayepigana wala kuanguka, wakatawanyika.

Mimi nilikuwa naruka. Pale wanapochota mchanga, picha kumi zinafanana, kwa hiyo nilibonyeza upesi nifike kwenye maneno. Mjomba akanishika mkono.

"Usiruke, mwanangu. Anayetazama maji haruki."

Tukaenda moja moja. Ngome ikapanda, mawimbi yakasogea. Baada ya muda akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena, mpaka mwanzo." Akainamia kioo.

"Hawa wako hapa tangu lini?"

"Siku kadhaa, mjomba."

"Mbona maji hayapwi?"

Nikacheka, nikamwambia hii ni katuni tu.

"Hata ikiwa katuni. Maji yakijaa hupwa. Leo hapa ni maji mafu, yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, lakini yanapwa. Haya yanapanda tu, pole pole, wala si bamvua, yale maji makubwa. Huyu mchoraji ama hajui pwani, ama kuna mahali bahari imetoboa."

Imetoboa. Nilinyamaza, maana ndiyo siri ya hadithi nzima. Wale wawili wanaishi chini kabisa kwenye bonde la Mediterania, lililokauka tena kama lilivyowahi kukauka miaka karibu milioni 6 iliyopita, na sasa bahari kuu inarudi ndani. Wasomaji walibishana sana kuhusu mahali na wakati. Usiku ulipochorwa, kuna waliolinganisha nyota za kwenye picha na anga letu wakapiga hesabu: miaka kama 11,000 ijayo. Njiani wahusika wanakutana na watu wenye lugha ngeni, iliyotungwa kwa msaada wa mwanaisimu, na wasomaji wakajitwisha kuifumbua. Mjomba alitumia kupwa na kujaa, basi.

Tuliacha kwa ajili ya isha na tarawehe, tukaendelea aliporudi. Sehemu ya kupanda mlima inachosha, hilo nalisema hata leo. Munroe angeweza kuwafikisha juu mapema. Mjomba naye alisinzia kidogo pale. Lakini agizo lilipobadilika kutoka subiri kuwa kimbia, alikaa wima na hakuomba kahawa tena.

Agosti 2014, London, "Time" ilipata tuzo ya Hugo ya hadithi bora ya picha. Nilisoma sifa nyingi wakati ule: wingi wa picha, uvumilivu wa mchoraji, ujasiri wa kufanya saa yenyewe iwe ukurasa. Zote za haki. Ila zilimsifu mtu mmoja, na mimi katuni ile naikumbuka kama kazi ya kijiji kizima kisichokuwa na majina. Na katika uhakiki wote niliousoma, sijakutana na aliyeanzia kwenye maji yenyewe.

Nikampigia mjomba kumpa habari.

"Wamempa ngapi?"

"Hawatoi pesa, mjomba. Ni sanamu ya roketi."

"Na wale waliokuwa wakikesha kumwokotea picha?"

"Hawakupewa kitu."

"Ah," akasema, kisha akaanza kunieleza habari za mashine ya boti, iliyokuwa imemharibikia tangu Jumatatu.