Tundu la Milimita 10

Mwanangu alikuwa akitafuta betri ya gari lake la kuchezea kwenye kasha la makorokoro yangu, akaibuka na lile kanyagio la gita nililolitengeneza zamani kwa mikono yangu. Kabla sijasema neno alikwisha kufungua skrubu nne za chini kwa bisibisi, akaingiza pua ndani ya kisanduku, kisha akauliza: “Baba, kwa nini umepaka rangi nyeusi huku ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayeona?”

Nilimjibu kwamba humo ndani kuna kitu kinachoona, na rangi iliwekwa ili kisione zaidi ya kile nilichokusudia kukionyesha. Hakuridhika, wala sikumlaumu, kwa sababu jibu hilo linaruka usiku mzima ambao sijawahi kumsimulia mtu kama ulivyokuwa.

Ilikuwa wakati ningali mpiga gita katika bendi. Kanyagio la dukani nililokuwa nikilitumia kuongeza na kupunguza mwangwi wa gita lilikuwa limeanza kukwaruza. Makanyagio ya aina ile huwa na potenshiomita, yaani kizuizi cha umeme ambacho ukinzani wake hubadilika kikizungushwa, mara nyingi ya omu 10,000, inayozungushwa kadiri wayo unavyopanda na kushuka. Chombo cha efekti, yaani kile kinachoibadilisha sauti ya gita, hutuma volti chache kwenye pete ya plagi, ile sehemu yake ya kati, husoma kiasi kinachorudi kwenye ncha, na kwa kusoma huko hujua mguu umefika wapi. Vumbi likishaingia kwenye njia ya potenshiomita, kusoma huko huwa ni kubahatisha. Langu lilipofika katikati ya mwendo wake mwangwi uliruka kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Nilikuwa najua kwamba kampuni ya Morley walikuwa wametengeneza makanyagio yanayofanya kazi kwa mwanga, na kwamba ndani ya Uni-Vibe, efekti ambayo mpiga gita Jimi Hendrix alipanda nayo jukwaani kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969, mna balbu moja iliyozungukwa na seli nne za mwanga, vipande ambavyo ukinzani wake hubadilika vikiangazwa. Kitu kisichogusana na kingine hakichakai, nikajiambia, na nikaanza kulitengeneza langu kwa sanduku dogo la alumini, kipande cha ubao, bawaba moja na seli moja ya mwanga yenye ukubwa wa punje ya dengu.

Ujenzi wenyewe sitaurefusha, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa ni kuunguza vidole na kuvuta moshi wa utomvu wa msonobari uliomo katika risasi ya kuchomelea. Seli niliiunga kati ya pete na ncha, na rezista, kipande chenye ukinzani usiobadilika, ya omu 10,000 kati ya ncha na shina la plagi, ili seli ikipata mwanga ukinzani wake ushuke na volti za ncha zipande. Taa ya LED nilichagua ya kijani baada ya kuhangaika na nyekundu, maana seli hizi za kadimiamu salfaidi, kama jicho la binadamu, huuona ukijani vizuri kuliko rangi nyingine. Niliipa betri ya volti 9 na rezista ya omu 1,000, nikaivisha kipande cha mrija wa kalamu ili mwanga wake usitawanyike.

Kilichonichosha ni pazia, yaani kile kipande kinachoshuka na kupanda pamoja na ubao kati ya taa na seli. La kwanza nililikata kwenye kifuniko cheupe cha plastiki, na nilipoliwekea taa nyuma yake liling’aa lote kama kibatari kilichofunikwa kwa karatasi. La pili lilikuwa la kadi nyeusi yenye ukingo ulionyooka, nalo likawa halifanyi chochote kwa sehemu kubwa ya mwendo wa mguu, halafu likafanya kila kitu ndani ya milimita tatu za mwisho. Ndipo nilipoelewa kwamba umbo la pazia ndilo linaloamua tabia ya kanyagio, nikaanza kukata pengo la pembetatu, nyembamba juu na pana chini. Nilikata kadi saba. Ile ya saba ilipanda kwa ulaini ambao potenshiomita haikuwahi kunipa hata ilipokuwa mpya.

Lilikuwa na ulemavu mmoja, nao niliupenda. Seli ya mwanga huitikia upesi inapoangazwa, lakini ikitiwa gizani hujivuta, ikawa hata baada ya kisigino kushuka kabisa mwangwi uliendelea kuondoka taratibu, mithili ya mgeni anayeaga akiwa amesimama mlangoni.

Na lilikuwa na kosa moja, ambalo sikulihesabu kuwa kosa. Nilikuwa nimetoboa tundu la soketi upande wa mbele, mahali pa vidole vya mguu, kisha nikagundua kwamba soketi ikikaa pale ubao hauwezi kushuka hadi mwisho. Nikatoboa jingine ubavuni. Lile la kwanza, lenye upana wa milimita 10, nikaliziba kwa karatasi ya gundi wanayotumia wapaka rangi za nyumba, nikaipitishia wino mweusi, nikasahau. Ndani ya sanduku alumini ilibaki kama ilivyozaliwa, ikimeremeta kama kioo, na sikuona sababu ya kuisumbua.

Usiku wenyewe tulipewa nafasi ya kupiga nyimbo tatu kabla ya bendi kubwa. Sitazungumzia wimbo wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulikuwa wa taratibu, na katikati yake kulikuwa na mahali ambapo wenzangu wote walinyamaza na mimi nilitakiwa kuvuta noti tatu ndefu, kavu, zisizo na mwangwi hata kidogo. Ukavu ule ndio uliokuwa maana ya kipande chote, na tulikuwa tumegombana juu yake wiki nzima. Nilishusha kisigino mpaka chini. Pazia lilikuwa limefunga. Nikagusa uzi.

Mtu wa taa, ambaye naye bila shaka alikuwa na mawazo yake kuhusu mahali pale, alizima kila kitu na kuacha taa zilizokuwa sakafuni kwenye ukingo wa jukwaa, zilizotuelekea sisi, zikipishana polepole: nyeupe, buluu, nyekundu, giza. Noti yangu ya kwanza ilitoka kavu kama tulivyokubaliana. Kisha taa nyeupe ikawaka na noti ile ile, ambayo sikuwa nimeigusa tena, ikavimba nyuma yangu ikawa noti nne, nane, ukumbi mzima wa noti. Nilitazama mguu wangu. Mguu haukuwa umesogea. Ilipofika buluu mwangwi ulilegea kidogo. Nyekundu ikauachia uanguke nusu. Giza likaingia, na ule ulemavu wa seli niliousifu ukauondoa mwangwi pole pole, pumzi kwa pumzi, hadi ikabaki sauti ya amplifaya peke yake. Halafu nyeupe tena.

Nilielewa kabla ya noti ya pili. Ile karatasi ya gundi ilikuwa imebanduka njiani na tundu lilikuwa wazi, likizitazama taa uso kwa uso, na mwanga ulikuwa ukiingia, ukigonga kuta za alumini na kulizunguka pazia langu la saba kana kwamba halipo. Ningeweza kuliziba kwa ncha ya kiatu. Nakumbuka kabisa nikipima jambo hilo, mguu wa kushoto ukiwa umeshanyanyuka kidogo, na nakumbuka kwamba niliurudisha chini. Nikapiga noti ya pili giza lilipoingia, na ya tatu nikaichelewesha hadi nilipoona buluu inaanza, kwa hiyo siwezi kudai kwamba sikuwa na mkono katika jambo lile. Lakini siwezi pia kusema kwamba nilikuwa ninapiga mimi. Mpiga besi alinikazia macho. Alidhani nimevunja makubaliano yetu kwa kiburi.

Tuliposhuka, mpiga gita mmoja wa ile bendi kubwa, mtu mzima ambaye sikutegemea hata aniitikie salamu, alinishika bega.

“Kijana, mguu ule nani alikufundisha?”

“Nimejifunza mwenyewe, mzee.”

Akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kufunga nyuzi zake. Mpiga besi alikuwa amesimama hapo hapo na alisikia kila neno, jambo ambalo lilimaliza ugomvi wetu kwa namna ambayo haikunifurahisha.

Kesho yake nilipaka ndani ya sanduku rangi nyeusi isiyong’aa, mara mbili, na tundu nikaliziba kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Kanyagio likawa linafanya kile tu ambacho mguu unaliamuru. Nilipiga nalo miaka mingine miwili, na katika muda huo hakuna aliyenishika bega.

Nilimsimulia mwanangu haya yote, isipokuwa yale maneno ya mzee na jibu langu, nikamwambia asubiri nimwonyeshe. Betri ya ndani ilikuwa imevuja na kuacha ukoko wa kijani kwenye waya, kwa hiyo LED haikuwaka. Yeye, badala ya kusikitika, alibandua ule utepe kwa kucha, akaenda kuleta tochi. Tulifunga skrubu, nikaunga kanyagio kwenye kile chombo cha zamani, nikalikanyaga hadi mwisho ili pengo lote la pazia liwe wazi, nikagusa uzi. Alipolenga tochi kwenye tundu mwangwi ulipanda, dhaifu kuliko usiku ule kwa sababu ya rangi, lakini ulipanda. Alipopitisha vidole mbele ya mwanga ulitetemeka.

“Usisogeze mguu, Baba,” akaniambia.

Sikuusogeza. Utepe bado uko kwenye meza, umejikunja na kushika vumbi, na betri mpya sijanunua.